Tulivyozungumza na Dada Twilumba

Tukikutana Watanzania huku Toronto, iwe baada ya ibada au kwenye nyama choma za kiangazi katika bustani za Scarborough, mazungumzo huanza na habari za nyumbani, yakapita kwenye mpira na siasa, na mwisho hutua utotoni. Hapo kila mtu anarudi kuwa na miaka tisa. Mmoja anakumbuka mchezo wa rede, mwingine uji wa shule ulionuka moshi, mwingine fimbo ya mwalimu wa hesabu, na watoto wetu wanatutazama kama watu waliotoroka jela halafu wanaililia. Mimi hucheka na wenzangu, nikachangia kidogo, kisha nikanyamaza. Utoto wangu una sehemu kubwa ambayo haikusemwa kwa mdomo, na sijawahi kujua niianzie wapi mbele ya watu walioshika sahani za pilau. Leo acha niiandike.

Enzi hizo nyumba ilikuwa mahali pa kulala na kujikinga mvua, basi. Mtoto aliyekaa ndani mchana aliulizwa anaumwa nini. Sisi tulikulia kwenye kambi ya maaskari wa wanyamapori, upande wa Iringa, pale barabara ya vumbi inapochoka na pori linapoanza. Nyumba zilikuwa za bati, zimepangwa mstari mmoja, na mbele ya kila moja kulikuwa na mafiga yenye majivu ya moto. Alfajiri ungesikia mama zetu wakigonga masufuria kufukuza nyani mahindini, na sauti hiyo ndiyo iliyotuamsha kwenda shule. Tulibeba kuni moja moja kwa ajili ya uji, na njiani tulifundishwa kutazama chini kabla ya kutazama mbele. Ukikuta mavi ya tembo yanatoa mvuke, unageuza. Mwalimu mkuu hakukubali sababu yoyote ya kuchelewa isipokuwa tembo, na naogopa tembo wa kwetu walisingiziwa mengi.

Juzi hapa kwenye jengo letu kijana mmoja mrefu, mwenye ndevu, alipanda ngazi akikimbia kwa sababu rakuni alikuwa ameingia kwenye pipa la taka. Rakuni ni kamnyama ka saizi ya paka aliyenenepa, kana doa jeusi machoni kama miwani. Sisi fisi alibeba ndoo ya Mama, na Mama akamfuata mpaka mtoni na mwiko mkononi, akarudi na ndoo yake ikiwa na alama za meno, na jioni ile ile tukaichotea maji.

Tulikula vizuri, ingawa wakati ule hatukujua. Kumbikumbi wa masika, waliokaangwa kwa chumvi mpaka wakalia mdomoni. Viazi vitamu vilivyofukiwa kwenye majivu, unavimenya huku ukihamisha moto kutoka kiganja hiki kwenda kile. Makande ya Jumamosi. Furu tulizochuma porini zikatutia weusi ulimi, hata ukikana mbele ya Mama anakuambia, "Haya, toa ulimi tuone shahidi."

Na jioni tulicheza kombolela. Mnaujua: mmoja anafumba macho, wengine wanajificha, na mchezo ukiisha anapiga kelele wote watoke. Ni mchezo wa kombolela ulionionyesha kwamba dada yangu alikuwa peke yake.

Dada Twilumba alinizidi miaka mitatu hivi. Alizaliwa anasikia. Mama alisema alikuwa mtoto msemaji, mwenye kuimbia kuku. Halafu akapata homa ya uti wa mgongo kabla hajaanza shule. Homa ikaondoka na masikio yake, na maneno nayo yakafuata polepole, moja moja, mpaka akabaki na sauti mbili tatu alizotumia kuita na kulia. Watu kambini walimwita bubu, bila ubaya, kama unavyomwita mtu mrefu au mfupi. Mama hakukubali. "Mwanangu ana jina," alikuwa akiwaambia. "Mlikuwepo anapewa."

Jioni ile ya kombolela tulimaliza, tukapiga kelele, wote wakatoka, tukaenda kula. Ni Baba aliyeuliza mwenzetu yuko wapi. Alimkuta nyuma ya tangi la maji, amejikunja, anachekacheka mwenyewe kwa furaha, akiamini amejificha vizuri kuliko watoto wote. Baba alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, mtoto mkubwa hivyo, na hakugusa chakula chake.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Aliweza kutembea siku nzima nyuma ya nyayo za mnyama bila kufungua mdomo, kisha akaja kukwambia mnyama yule alikuwa jike, ana mimba, na anachechemea mguu wa nyuma. Wakati huo alikuwa amepangiwa kumlinda mtafiti mmoja wa Kizungu aliyekuja kuchunguza mbwa mwitu. Mzungu yule alipomaliza kazi yake alimwachia Baba birika la bati, blanketi, na kitabu kisicho na jalada. Mchwa walikuwa wamekula jalada pamoja na kurasa za mwanzo, kwa hiyo hatukujua jina la kitabu wala la mwandishi. Baba alikitia kwenye debe lenye mfuniko, na kwetu kikawa kitabu cha debe.

Kilikuwa cha Kiingereza. Baba alikuwa amesoma misheni, Kiingereza alikisoma kwa taabu, kidole chini ya neno, midomo ikicheza. Jioni baada ya kula alikaa karibu na kibatari akasoma kidogo, akafunga kitabu, kisha akatusimulia kwa Kiswahili na Kihehe vikichanganyika. Mwandishi alikuwa mtu wa porini. Aliandika habari za wanyama wa kwao, mbwa mwitu wakubwa, sungura wanaobadilika rangi, kunguru wenye akili, na pembeni mwa kurasa alichora nyayo zao kwa kalamu nyembamba. Aliandika namna ya kuwasha moto kuni zikiwa mbichi na namna ya kulala nje bila kufa kwa baridi. Baba alikuwa akibishana naye kama anabishana na jirani. "Hapa umekosea, bwana," alisema, au, "Huyu kweli alilala chini. Mtu wa kwenye kiti hawezi kujua hili." Palikuwa na mahali alipofundisha kutafuta njia kwa nyota moja ya kaskazini isiyohama. Baba aliitafuta usiku baada ya usiku asiione, akahitimisha kwamba Wazungu wameichukua.

Mwishoni mwa kitabu ndipo palikuwa na kurasa za mikono. Mwandishi alikuwa amejifunza lugha ya mikono ya watu wa asili wa nyanda za Amerika, Wacheyenne. Baba aliwaita Wacheyene, sisi tukafuata, na nilikuja kusikia jina lao likitamkwa sawasawa nikiwa mtu mzima. Alieleza kwamba makabila ya huko yalikuwa na ndimi zisizofanana, lakini yakikutana yaliweka silaha chini yakazungumza kwa mikono, habari za nyati, za maji, za vita na za ndoa, na yakaelewana. Baba alisoma ukurasa ule, akarudia. Kisha akainua macho akamtazama Twilumba aliyekuwa anabandua punje za mahindi pembeni ya moto.

Kesho yake tulianza. Usiku ni mikono miwili inayofunika dunia. Maji ni kiganja kinachokwenda mdomoni. Vizuri ni mkono unaotoka moyoni ukaenda mbele bila kupanda wala kushuka. Nyati ni vidole viwili vilivyopinda pembeni mwa kichwa, na nyati wao, Baba alituambia, ana manyoya kama kondoo. Mama alisema huo sasa ni uongo.

Twilumba alitutazama kwa mashaka mwanzoni, kama mtu anayedhani anataniwa. Siku moja Baba alimwonyesha ng'ombe, akafanya alama, akamwonyesha maji, akafanya alama, kisha akafanya zote mbili pamoja, na pale mtoni ng'ombe alikuwa anakunywa. Twilumba alisimama. Alimtazama ng'ombe, akamtazama Baba. Halafu akaanza kumvuta mkono kwenda huku na huku, akigusa mti, kuku, mlango, jua, na kila anapogusa anageuka na uso unaodai. Baba alikosa alama za vitu vingi, akakimbia ndani kuchukua debe.

Alama iliyobadilisha nyumba yetu ilikuwa ya swali. Unainua mkono wa kulia, kiganja kikitazama mbele, vidole vimeachana, unaugeuzageuza kama jani linalopigwa na upepo. Kabla ya hapo Twilumba aliweza kuonyesha anachotaka, lakini hakuweza kuuliza. Sasa aliuliza kuanzia alfajiri. Kwa nini mwezi ni nusu? Mjomba amekwenda wapi? Kwa nini Mama amekasirika? Mama alichoka akasema, "Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakumjua huyu." Alisema hivyo akiwa anapika, mgongo umetugeukia, na nikaona anafuta macho kwa kitenge, na moshi wa siku hiyo haukuwa mwingi.

Kitabu hakikuwa na twiga wala tembo, kwa hiyo tuliwatunga wenyewe. Twiga ni mkono mzima juu na kiganja kimeinama. Ngiri ni kidole kimoja kilichosimama nyuma ya kiuno, unakimbia nacho. Fisi alikuwa wa Mama: alishusha mabega, akanyanyua shingo, akatembea jikoni kwa namna iliyotufanya tulale chini kwa kicheko, na mpaka leo sijaona mtu anayemweza fisi kama yeye. Mwaka nao ulitusumbua. Wale watu walihesabu miaka kwa majira ya baridi, ngumi mbili zikitetemeka mbele ya kifua, na sisi hatukujua baridi ya namna hiyo ni kitu gani. Baba akaamua mwaka uwe masika, vidole vinavyoshuka kama mvua.

Kuna jioni moja Twilumba alimwuliza Baba swali ambalo nafikiri alikuwa ameliweka muda mrefu mpaka apate maneno. Alijionyesha yeye, akagusa sikio, akafanya alama ya hakuna, kisha ile ya swali. Nikamwona Baba anaweka kikombe chini. Hakufungua kitabu. Alimjibu polepole, akisimama kati ya alama na alama kutafuta nyingine. Ulikuwa mdogo. Ugonjwa, moto, siku nyingi. Mimi na mama yako tulikaa. Masikio yalikwenda. Wewe ulibaki. Kisha akafanya ile alama ya mkono unaotoka moyoni. Vizuri. Akairudia. Vizuri.

 Twilumba akauliza kama kesho wataenda mtoni.

Sijui kama watoto wa leo wana mchezo unaowafanya wakae juu ya mti nusu siku. Sisi tuliwahi kukaa, na si kwa kupenda. Tulikuwa tumetumwa uyoga, mimi na yeye, baada ya mvua. Yeye alitangulia kama kawaida, kwa sababu macho yake yalifanya kazi ya masikio pia. Ghafla akasimama, akainua mikono pembeni mwa kichwa bila kugeuka. Vidole viwili vilivyopinda. Kimoja kilichosimama. Kiganja chini. Nyati, mmoja, kaa. Mnaojua pori mnajua nyati dume aliyejitenga na kundi ni mnyama wa namna gani. Mimi sikuona kitu ila kichaka. Kisha kichaka kikapiga chafya.

Tulirudi nyuma kimya, tukapanda mkwaju wa karibu, na yule nyati mzee akaja akasimama chini yake kama mtu aliyepewa kazi ya kutulinda. Tungekuwa watoto wengine tungenyamaza kwa hofu mpaka jioni. Sisi tulipiga soga. Kule juu, miguu ikining'inia, tulizungumza muda wote na nyati hakusikia hata neno moja. Alinisimulia ndoto aliyoota. Nikamsengenya mwalimu wa kilimo. Akaniuliza upepo unasema nini masikioni, nikajaribu kumweleza kwa kumpulizia shavuni, akanisukuma nusura nianguke, tukacheka bila sauti mpaka matawi yakatikisika na nyati akainua kichwa. Aliniambia akikua atakuwa askari wa wanyamapori kama Baba, ataandika kitabu cha wanyama wa kwetu na alama zao zote, na fisi wa Mama atakuwa ukurasa wa kwanza. Nikamwambia mimi nitakiuza mjini. Sijawahi tena kuzungumza na mtu kwa muda mrefu hivyo bila kumaliza maneno.

Baadaye Baba alimtafutia nafasi katika shule ya viziwi, mbali, safari ya basi na treni. Mama alimfungia mahindi ya kukaanga na karanga, akampaka mafuta uso mzima ukang'aa kama sahani. Twilumba alifurahi. Aliyelia ni mimi. Kambini nilibaki na lugha ambayo hakuna mtoto mwingine aliyetaka kujifunza. Wazazi walikuwa na kazi zao, na mikono yangu ikawa na njaa, sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Nilikuwa naona pundamilia ananyonyesha, nageuka kumwambia mtu, nakuta hakuna.

Aliporudi likizo alikuwa msichana mwingine. Kule walimu walitaka wasome midomo, lakini mabwenini watoto walizungumza kwa mikono yao wenyewe, haraka, vidole vikipita kama cherehani. Alinifundisha nikapata kiasi. Ila alipokuwa na mimi alirudi kwenye alama za kitabu cha debe. Nilimwuliza kwa nini. Akanijibu kwamba zile za shule ni za kusemea na watu wengi, na hizi ni za nyumbani.

Hakuwa askari. Wakati ule nani angempa bunduki msichana, tena asiyesikia? Alikuwa fundi cherehani, fundi mzuri sana, akaolewa na seremala aliyesoma naye, wakapata mtoto mmoja, Elia, anayesikia vizuri kuliko sisi sote. Kitabu chenyewe kilikwisha. Mvua iliezua paa mwaka Baba alipostaafu, debe likajaa maji. Baba alikianika jua zima, kurasa zikashikana zikawa tofali. Alisema haidhuru, kimo mikononi. Baba akafa, na Mama akamfuata. Mimi nikapata ndege ya kuja huku.

Majira ya baridi ya kwanza hapa Toronto nilikuwa nasubiri basi asubuhi, theluji imelala mpaka magotini. Nikajikuta nimekunja ngumi mbili mbele ya kifua, zinatetemeka zenyewe. Mwaka. Ndiyo maana walihesabu hivyo. Ukivuka kitu hiki lazima ukihesabu. Nilicheka peke yangu kituoni na mama mmoja akasogea mbali kidogo.

Nimefanya kazi kiwanda cha mikate miaka yote hii. Nilioa, tukapata binti, Neema, tukaachana na mama yake bila ugomvi. Neema sasa ni muuguzi huko magharibi, Calgary, kwenye nyanda zile zile pana. Alipokuwa mdogo nilimfundisha twiga na fisi, akavipenda mwezi mzima, kisha vikampita. Nazungumza naye Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na tumezoea hivyo kama watu wanaotembea pande mbili za barabara moja. Nyuma ya jengo langu kuna korongo lenye kijito, na wikendi hushuka kutembea. Theluji ni nzuri kwa nyayo. Unamwona sungura alipokimbilia, unamwona mbweha alipobadili mawazo. Baba angekaa pale siku nzima. Watu wengine hupita wakikimbia kwa mazoezi, vidude masikioni, na wananisalimia kwa kichwa.

Simu za video zilipokuja ndipo dada yangu alinirudia. Hamjui furaha yangu. Miaka mingi tulikuwa tumeishi kwa salamu kupitia watu, "dada yako anakusalimia," na sasa Jumapili, mimi nikitoka kanisani na yeye akimaliza chakula cha jioni, uso wake ulijaa kiganjani mwangu. Alisimamisha simu kwenye cherehani. Alinisema kwa kukonda. Nilimwonyesha theluji dirishani, akauliza kama inauma. Nilimpeleka korongoni nikamwonyesha nyayo, akanibishia, "Huyo si mbweha, ni mbwa," na alikuwa sahihi, mwenye mbwa alikuwa mita chache mbele. Elia alikuwa akipita nyuma yake akatikisa kichwa: "Mjomba, ninyi wawili mnaongea Kichina gani?"

Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala pajani.

Alipopata nafuu kidogo alitaka simu. Elia aliishika. Nilimwona dada yangu anainua mkono wa kushoto, anatafuta namna. Alama nyingi zinataka mikono miwili. Usiku wake ulifunika nusu. Alijaribu nyati, akapata pembe moja, akajitazama, halafu akanifanyia uso wa Mama akiigiza fisi. Nami nikamwambia, "Huyo ni kifaru." Alicheka, mdomo umekwenda upande, machozi yanamtoka. Tukaendelea hivyo miezi kadhaa. Aliposhindwa mkono mmoja wa alama, mimi niliutia wa kwangu kwenye kioo cha simu, upande wangu, tukaikamilisha pamoja, yeye Iringa na mimi Scarborough.

Masika ya mwaka huu Elia alinipigia siku ambayo si Jumapili. Nikajua kabla hajasema.

Kuzika kulikuwa kesho yake, nisingefika hata ningepata ndege saa ile. Kwao ilikuwa alasiri, kwangu asubuhi. Nilivaa suti, nikasimama sebuleni mbele ya simu niliyoiegemeza kwenye sufuria. Niliona migongo ya watu, miavuli, mchungaji, viziwi wenzake wamesimama pamoja upande mmoja, mikono yao inazungumza taratibu. Waliposhusha jeneza na udongo ukarudishwa, ndugu walialikwa kutoa neno. Elia akaja karibu na kioo, uso umevimba.

"Mjomba, mchungaji anauliza kama una neno la kusema."

"Ninalo," nikasema. "Igeuze simu itazame kaburi."

"Kaburi?"

"Ndiyo, baba. Ishike chini kidogo. Usiitikise."

Akaigeuza. Sikuona tena mtu yeyote, ila udongo mwekundu na ukingo wa kiatu cha Elia. Nikamwambia dada yangu niliyokuwa nayo. Kuna alama ya watu waliokua pamoja: vidole viwili vimeshikamana mbele ya shingo, vinapanda kando ya uso, sawasawa, hakuna kinachomwacha mwenzake. Nilianza na hiyo. Nyingine ni zetu. Nilipomaliza nilishusha mikono, na kule nikasikia mvua inapiga miavuli.

Elia alirudi kwenye kioo. "Mjomba, watu wanauliza umesema nini."

"Waambie nawashukuru kwa kuja," nikamjibu.

Jioni yake Neema alinipigia akitoka kazini, sauti tu, kwa sababu alikuwa barabarani anaendesha. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, nikaiweka simu juu ya kabati, spika imewashwa. Aliniuliza, kwa Kiingereza chake cha upole, kama nimekula, kama nimelala, kama kuna mtu amekuja kunitazama. Sikutaka kumwambia hakuna. Sisi zamani msiba ukitokea kambini, nyumba haikufungwa mlango wiki nzima. Wanawake walipika nje, wanaume walilala uani pembeni ya moto, na mfiwa hakuachwa hata dakika moja na mawazo yake. Hapa majirani zangu ni watu wema, tunapishana kwenye lifti kila siku, na hakuna anayejua kwamba nilikuwa na dada. Watoto wetu wanajua kutuma maua kwa kubonyeza kidole. Nasi tulizoea kuletewa unga na kuni na mtu wa kukaa naye bila kusema kitu.

Nikasikia kiashiria cha kukata kona cha gari lake kinagonga. Kisha akaniuliza shangazi yake alikuwa mtu wa namna gani, maana yeye alimwona mara mbili tu, tena akiwa mtoto.

Niliacha mwiko kwenye sufuria. Nikamjibu. Nilimweleza tangi la maji, ng'ombe mtoni, mkwaju na soga zake, cherehani, na lile swali alilomwuliza Baba. Nilimweleza vizuri, bila haraka, kuliko nilivyowahi kumweleza mtu, na ugali ukaanza kunukia kuungua.

"Baba?" sauti ilisema kutoka kwenye kabati. Na safari hii alisema kwa Kiswahili. "Baba, upo?"

Nikatazama mikono yangu, bado iko hewani.

"Nipo, mwanangu," nikasema.